Shuka Nyuma ya Bomba la Moshi

Mama Nekesa,

Uji nimeufunika jikoni. Nakimbia Ruiru kwa Kailash, yule fundi wa magari.

Wewe mwanamke una akili! Tangu wiki jana gari yetu inamaliza oili, na gunia nililotandika chini yake ni kavu kabisa. Jana hasira zikanipanda, nikasema ndugu yako Dismas anaichota apake mnyororo wa baiskeli yake. Asubuhi hii ukatundika shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo, nyuma ya bomba la moshi la gari, ukaniambia, "Washa." Moshi wa buluu ukatoka puu, shuka ikajaa madoa ya oili. Kumbe injini inaiunguza yenyewe! Na wewe ulijua kutokana na nguo zako, zinazochafuka kila ukizianika hapo. Mimi dereva mzima nachungulia chini tu.

Mwambie Dismas ~~nitaongea naye Jumapili~~ afungue mizigo yake, haendi popote. Mchinjie jogoo ~~mdogo~~ mkubwa.

Shuka nimeibeba nikamwonyeshe Kailash. Ukikuta kamba tupu, usimuulize Dismas. Mwizi ni mimi.

Baba Nekesa