Uso Chini ya Msindzano

Mutsamudu, 14 Machi 1998

Mouhidine, mwana wa mwanangu,

Je, miguu yako imekatika? Maana mikono najua ni mizima, nasikia inachora vibao vya maduka Moroni nzima. Tangu kisiwa chetu cha Nzwani kipandishe bendera yake hujakanyaga mlango wangu. Usinieleze habari za kujitenga. Wauza vitunguu wanavuka. Kitunguu kinapita, mjukuu hapiti?

Haya, hujambo? Unakula? Mimi goti linaniuma na macho yana ukungu, mengine namshukuru Mungu. Jirani yangu Lamia ndiye mkono unaoandika, mdomo ni wangu. Ananiambia nipunguze ukali. Sipunguzi. Tunaandika Kiswahili nilichorudi nacho kutoka Unguja, kile nilichomlelea mama yako, ili atakayeifungua barua bandarini naye ajisumbue kidogo.

Nina haja moja. Picha ya mama yako Dhakia ni moja tu duniani, na baba yako aliichukua pamoja na wewe alipokupeleka Moroni kusoma. Sikugombana naye. Lakini mama yako ana miaka mingi kaburini, na siku nyingine naamka uso wake siuoni. Sauti ninayo, ukaidi wake ninao, uso unanikimbia. Nichoree mwanangu nimtundike ukutani, kabla macho yangu hayajafunga duka.

Koko wako,
Djaouharia


Badjanani, Moroni, 2 Juni 1998

Kwezi, Koko. Naubusu mkono wako.

Mimi mzima, na baba anakusalimu. Goti lako limepata dawa? Nimemkabidhi muuza vitunguu barua hii pamoja na karatasi niliyoizungushia plastiki. Ni mama.

Siku hizi brashi naigusa nusu ya siku tu. Faouzi mwenye duka la kuchapisha ana kompyuta, na akifunga kazi zake huniachia. Nimeweka picha ya mama kwenye mashine, ikamsoma, akatokea kwenye kioo kama mtu wa televisheni. Naweza kuondoa kivuli, kubadilisha rangi, kukata shavu na kulirudisha. Nikikosea nabonyeza kitufe, kosa linajifuta. Kisha namchapa, na juu ya karatasi napaka rangi nzito kwa kisu. Wenzangu wananicheka, eti mchoraji asiyechafuka vidole. Lakini Koko, sijawahi kuwa na furaha hivi.

Nimempa mama rangi ninazomsikia nazo, si zile alizokuwa nazo. Usishtuke.

Mjukuu wako,
Mouhidine


Mutsamudu, 20 Septemba 1998

Mouhidine wangu,

Nimeshtuka.

Kwanza salamu: u mzima wewe na baba yako? Sisi tupo, mchele umepanda, watu wamenuna.

Sasa sikiliza. Umempa mama yako uso wa kijani kama ndizi mbichi. Shavu moja liko Nzwani, la pili limevuka bahari kwenda Maore. Lamia aliigeuza karatasi huku na huku, mwisho akaniuliza, "Bi Djaouharia, juu ni wapi?" Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma.

Lakini nimeitundika. Jicho la kushoto ni lake. Hata picha haikulipata; sijui wewe umelipataje, uliyekuwa mdogo hivyo.

Ufundi wako siuelewi wala siutukani. Ila nilikuomba mwanangu, ukaniletea mawazo yako. Mfanye tena. Mweke barazani asubuhi, nguo yake ya shiromani mabegani, na msindzano usoni, lile liwa la msandali alilojipaka kila siku akianza kazi za nyumba. Hivyo ndivyo nilivyozoea kumwona. Na safari hii mlete mwenyewe.

Koko wako,
Djaouharia


Moroni, 11 Februari 1999

Kwezi, Koko.

U mzima? Tulizisikia habari za risasi za Desemba huko Mutsamudu, nikawa namsimamisha kila mtu mwenye gunia la vitunguu. Mmoja akaniambia, "Bibi yako? Kanipunja bei wakati watu wanapigana." Ndipo nikalala.

Mama yuko tayari, barazani, na shiromani na msindzano. Boti zikitulia namleta mwenyewe.

Na nina habari nzuri. Watu wa kamati moja ya umoja wa visiwa walimwona kwenye mashine kwa Faouzi, wakanishika mkono hawaniachi. Amekuwa bango. Mwanamke wa Nzwani ananyoosha mkono juu ya maji, chini yake maneno: RUDINI NYUMBANI. Wamembandika Moroni yote hadi Itsandra. Watu wanasimama kutazama, Koko! Wale walionicheka wanauliza kitufe kipi kinafanya nini.

Usiwe na wasiwasi, jina lake sikuliweka. Na uso umefunikwa na msindzano, hakuna atakayemjua.

Mjukuu wako,
Mouhidine


Mutsamudu, 6 Aprili 1999

Mouhidine,

Hujambo? Nauliza kwa sababu adabu inataka.

Bango lako limevuka. Nani kalileta sijui. Asubuhi ukuta wa bandari ulikuwa umejaa. Lamia alirudi mbio na ndoo tupu, akaniambia, "Dhakia yuko bandarini." Nikadhani amerukwa na akili.

Umefunikwa! Nani kakudanganya? Umelelewa nyumba ya wanaume, ukauona msindzano ukadhani ni pazia. Sisi wanawake wa uchochoro huu tumeonana na msindzano usoni kila asubuhi ya maisha yetu. Uso mtupu ni wa wageni na wa sikukuu. Hata watoto walimjua. Basi maneno yakaanza: binti wa Djaouharia amenyoosha mkono kuwaita askari wa Moroni. Aliyekufa, anaita askari! Vijana wakamtemea tambuu. Mmoja alimtoboa macho kwa msumari.

Nilikwenda na kisu cha samaki nikamkwangua mwanangu ukutani. Wanawake wa mtaa walisimama wakanitazama, hakuna aliyenishika mkono ila Lamia. Gundi yenu ni nzuri. Hatoki mzima, anatoka vipande. Nilikuwa nimeshamzika mara moja.

Nilikuomba uso mmoja, niutazame mimi. Usije. Usilete kitu. Usiandike.

Djaouharia


Moroni, 30 Januari 2000

Kwezi, Koko.

Umenikataza, na bado naandika. Naomba afya yako iwe njema, na Lamia akusomee polepole.

Barua yako ilinifikia Aprili ile ile, wakati Moroni imegeuka. Makundi yalifunga njia yakiwasaka watu wa Nzwani. Mimi walinitaka niongee, na lafudhi ya baba ikaniokoa. Mama Soraya, muuza sambusa aliyezaliwa kwenu, alipelekwa bandarini na sufuria yake kichwani. Waliomsukuma niliwatambua. Ni wale walionisaidia kubandika RUDINI NYUMBANI.

Siku hiyo nilirudi kwa Faouzi nikamfuta mama kwenye mashine, na karatasi zote nikazichoma, pamoja na ile yako. Kesho yake nilitaka kumrudisha. Hakuna kitufe cha hivyo.

Ile picha ndogo ya zamani bado ninayo. Nyuso nimeacha kuzichora. Wanasema boti za kwenu zitafungiwa kabisa, lakini sema neno moja nitapanda chochote kinachoelea.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Mouhidine


Mutsamudu, 9 Juni 2001

Mouhidine, mjinga wangu mkubwa,

Tangu lini ukanitii? Ulipokuwa mdogo nilikwambia usipande paa, ukapanda. Nikakwambia usile embe bichi, ukala ukaharisha. Mara moja tu nikasema usije, na wewe unanisikiliza! Niliposomewa barua yako nilimwambia Lamia asijibu, nikakaa nangoja uje tugombane uso kwa uso. Nimengoja vibaya. Boti zilifungwa, zikafunguliwa, na kila hodi nilisema ndiye, nikatayarisha tusi. Nimebaki nayo matusi mengi.

U mzima? Mimi macho yamekwisha. Ukungu umekuwa ukuta. Sasa hata ukileta picha, haina wa kuitazama, na hilo nimejifanyia mwenyewe kwa neno moja.

Jambo la ajabu, uso wa Dhakia hunijia. Lakini unakuja wa kijani, shavu moja huku na moja kule, kama ulivyomfanya. Ndio niliouona mwisho, pale ukutani kwangu. Nilikucheka, na ndio niliobaki nao. Basi usiache kuchora nyuso. Chora kwa mashine, chora kwa kisu, ila kabla hujaubandika uso wa mtu, muulize mwenyewe, na kama amekufa muulize mamake.

Wanawake wa mtaa hawajasahau. Wananisalimu mimi, wewe hawakutaji.

Sasa nisikie, na safari hii ndiyo utii. Wanasema wakubwa wamepatana na njia ziko wazi. Shuka bandarini asubuhi, si jioni, wakati wanawake wote wako milangoni na msindzano usoni. Panda uchochoro mlango kwa mlango, umsalimu kila mmoja kwa jina lake. Lamia atakutumia majina. Nyuso utazijua mwenyewe, jifunze. Ukikosea, rudi chini uanze tena. Na asiyekujibu usimpite. Simama hapo mlangoni kwake mpaka ajibu, nitakuletea kiti.

Koko wako,
Djaouharia