Nimeacha, Nimeachwa

Jumatatu, 4 Machi 1996. Ambondrona, Nosy Be
Shuka mia moja arobaini na mbili. Mbili zina madoa ya divai, hazirudi chumbani tena. Mvua tangu alfajiri. Kamba zote tumezihamishia varanda ya nyuma. Mashine kubwa imekwama, tumefua kwa mikono, mimi na wanawake wawili walio chini yangu.

Saa tisa meneja mpya akaniita. Sehemu ya kufulia inafungwa, shuka zitafuliwa nje. Mimi napelekwa Antsanitia, kaskazini ya Mahajanga, kampuni inafungua hoteli nyingine huko. Cheo kilekile, mshahara uleule, nianze tarehe mosi. Alisema akitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi.

Nikasema siendi Mahajanga. Kwa nini? Nikasema, siendi tu. Akasema basi, kama huendi, unaacha kazi.

Justin, mhasibu, ndiye aliyeandika. Aliniuliza mara mbili kwa Kimalagasi, taratibu: "Dada Moina, unaacha mwenyewe au unaachishwa?"

Naacha mwenyewe, nikasema. Nikatia sahihi. Miaka kumi na moja, imekwisha kabla chai haijapoa.

Jumanne, 5 Machi
Hasira. Nimesugua sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Najua kwa nini nilijibu vile. Niandike tu, hakuna wa kuchungulia: binti yangu Zahara anasoma Kifaransa na Kimalagasi, Kiswahili hiki cha barua za baba yangu hakijui. Miaka tisa mtaani naitwa aliyeachwa. Si Moina, si mkuu wa kufulia. Aliyeachwa. Mume wangu Abdou hakuja hata mwenyewe. Alimtuma kaka yake, akaitoa talaka pale mlangoni, sentensi moja, kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa! Siku ile nikaapa: haniachi mtu tena. Nitaacha mimi.

Haya, nimeacha.

Ijumaa, 8 Machi
Ofisi ya posho za watoto. Mama aliyepoteza kazi, posho ya mtoto wake inaendelea kwa miezi kadhaa. Mama aliyeiacha kazi, hapana. Karani alikuwa mpole, alinigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Kwa hiari yangu. Chini yake sahihi yangu, imenyooka vizuri.

Malipo ya notisi, hakuna. Kiinua mgongo, hakuna. Aliyeondoka mwenyewe haombi nauli, ndivyo ilivyo.

Nimepiga hesabu njia nzima ya kurudi. Tukila muhogo tunafika mwisho wa Mei. Tukila wali, katikati ya Mei. Ada ya Zahara inadaiwa kabla ya hapo.

Jumapili, 10 Machi
Wali.

Jumatano, 20 Machi
Justin amekuja nyumbani, kofia mkononi, amekaa ukingoni mwa kiti. Anaogopa meneja asije akajua. Anasema karatasi ile si mwisho wa mambo. Mtu akihamishwa mbali na kwao, akakataa, mkaguzi wa kazi anaweza kusema ameachishwa. Nilalamike. Yeye yuko tayari kueleza alichokisikia, kwa maandishi.

Nikamuuliza, mbona siku ile hukusema? Akasema, "Nilikuuliza mara mbili, Dada."

Kweli. Mara mbili.

Ila mkataba wangu uliandikwa makao makuu. Shauri litasikilizwa huko huko, Mahajanga.

Nimecheka mpaka Zahara akatoka chumbani kutazama. Nimekosa mshahara kwa kukataa kwenda Mahajanga. Sasa niende Mahajanga kuudai.

Alhamisi, 28 Machi
Silali. Siku ya shauri imepangwa, tarehe 16 mwezi ujao. Zahara ameniuliza naogopa nini. Nimesema bahari.

Mwaka ule wa vurugu za Mahajanga nilikuwa na miaka kumi na saba. Wangazija tulitafutwa nyumba kwa nyumba. Jirani Msakalava, mwenyeji wa pale, alitulaza mimi na mama uvunguni mwa kitanda chake, yeye akakaa juu akishona, miguu yake mbele ya uso wangu. Baba alitoka kuangalia duka. Hakurudi. Wenzetu wengi wakapandishwa meli kwenda Ngazija ambako hawakuzaliwa. Sisi tukaja huku.

Mama mdogo Zaliha alibaki, mumewe mtu wa pale. Ananiandikia kila Idi niende kumwona. Kila Idi najibu mwakani.

Jumapili, 14 Aprili. Mahajanga
Nimefika na meli ya mizigo, nimetapika kama mtoto. Kwa hiyo kuhusu bahari sikumdanganya Zahara sana.

Joto lilelile. Sikukumbuka kwamba mji huu una harufu ya kahawa asubuhi. Nilidhani nitakumbuka kila kitu.

Mama mdogo amekuwa mfupi. Mdomo haujapungua hata nukta. Nimemweleza shauri lote, pamoja na aibu yangu. Nilitaka anionee huruma. Wapi! Akaweka mwiko chini.

"Yaani mkaguzi akuulize umeachwa, na wewe useme hapana, nimeacha? Fahari yako hiyo, Moina, inapikwa kwa nazi au kwa mafuta?"

Nikasema hajui inavyouma kuitwa vile.

"Abdou alikuacha bure, hata pesa ya eda hakutoa. Hawa wana sanduku la fedha. Mwanangu, kubali basi kuachwa na tajiri, walau mara moja!"

Mumewe alikuwa anakunywa supu. Imemtoka puani. Nami nimecheka, halafu nimelia, halafu tumekula.

Jumanne, 16 Aprili. Mahajanga
Niandike kabla sijasahau mpangilio wake.

Chumba kidogo, feni haizunguki. Mkaguzi ni mwanamke wa makamo. Pembeni, mpiga taipu. Kampuni imemleta bwana wa makao makuu, wa umri wangu. Amesoma karatasi yangu kwa sauti. Kisha akasema: "Alitamka mwenyewe, kwa mdomo wake." Ni kweli.

Maelezo ya Justin nayo yakasomwa. Kumbe aliandika na yale maneno ya meneja: kama huendi, unaacha.

Mkaguzi akanigeukia, kwa Kimalagasi: "Mama, uliacha au uliachishwa?"

Ulimi mzito kama shuka iliyolowa. Machoni pangu akaja kaka yake Abdou na gilasi yake ya maji. Nikasema nimeachishwa. Sauti ndogo mno, mpiga taipu hakusikia. Nikatakiwa nirudie. Nikarudia. Dari haikuanguka.

Akauliza kwa nini sikutaka kuja kufanya kazi huku. Ningeweza kusema mtoto, shule, nyumba. Sababu hizo nilizipanga zote melini. Nikasema, baba yangu alikufa hapa. Mwaka gani? Nikautaja, ule wa vurugu.

Bwana wa makao makuu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyeuliza alikufaje. Katika mji huu hawaulizi.

Mkaguzi akafunua karatasi, akamwuliza bwana yule: "Ile sehemu ya kufulia Ambondrona, bado ipo?"

"Imefungwa."

"Kwa hiyo kazi yake haikuwepo tena. Sasa huyu mama aliacha nini?"

Nusu saa baadaye tukakubaliana: nimeachishwa, malipo ya notisi, kiinua mgongo cha miaka kumi na moja, na cheti kipya cha kupeleka ofisi ya posho. Nilidai na likizo ya mwaka jana ambayo sikuichukua. Bwana akasema hiyo haikuwemo kwenye malalamiko. Nikasema imo sasa. Imeingia nusu. Nusu nyingine imeniuma njia nzima.

Nje, bwana yule alinishikia mlango. Akasema, "Samahani, Mama." Sijui samahani ya lipi. Nimeipokea.

Jioni nilimwomba Mama mdogo anipeleke mtaani kwetu. Tumetembea polepole, magoti yake. Duka la baba sasa linauza tairi za baiskeli. Nimesimama ng'ambo ya barabara. Sikuvuka.

Alhamisi, 2 Mei. Nosy Be
Fedha zimefika. Nimezihesabu pale dirishani, watu nyuma yangu wakinung'unika. Wanung'unike.

Ada imelipwa. Posho ya Zahara inaanza tena mwezi huu. Nimeuliza bei ya mashine ya kufulia iliyotumika, kule kwa Mhindi. Ghali. Nitarudi wiki ijayo, bei itakuwa imechoka.

Jumamosi, 18 Mei
Hakuna mvua. Zahara ananisuka nywele, mimi naandika nimeinamisha kichwa, mistari inapanda mlima.

Ameuliza Mahajanga kukoje. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Nimemwambia kuna joto. Jioni watu wote wanakwenda ufukoni mwa mji, wanakula mishikaki wamesimama. Baba yangu alikuwa akininunulia miwili, yeye mmoja.

Akamaliza msuko mmoja. Kisha akasema angependa kupaona.

Likizo ya shule ni Julai. Nauli ya wawili ipo.