Simu Isiyo na Betri

Weee shoga, na simu yenyewe haina hata betri!

Ngoja nianze vizuri. Mchana wale wa mikopo ya simu wamenipigia kazini, eti kaka yangu kaniandika mdhamini. Bosi yuko pembeni, anasikia naitwa ndugu wa mwizi. Nikatoka mbio nikamgombeze.

Namkuta kaka kibandani kwake, yule fundi simu wetu mwenye maneno mengi. Wateja kawarudisha. Simu yake ameifungua yote mezani, kioo huku, betri kule.

Ananiuliza polepole, "Mdogo wangu, huisikii inalia?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake ule.

"Tangu asubuhi hawajaacha. Waambie nitalipa."

Niwaambie kwa simu ipi, shoga? Betri iko kule. Macho mekundu, anasema usingizi ameusahau.

Ikabidi niokote kile kioo, nikakiweka sikioni. "Haloo, kaka anapumzika. Msimpigie tena."

Ndipo akalaza kichwa mezani.

Sasa amesinzia hapohapo. Nimemshika mkono, naandika kwa huu mwingine. Kesho asubuhi nampeleka hospitali, tukitoka huko nitakumalizia. Nitakupigia mimi. Wewe usipige, hapa simu isilie.