Spika ya Katikati

Baba mdogo, mwenyekiti wa kikao hiki, Mama, mashemeji zetu, Kaka Deusi na wadogo zangu, wajukuu mlioko mkekani: wakubwa wangu shikamooni, wengine hamjambo. Nimepewa nafasi ya kuzungumzia sebule. Naomba nizungumze na mwenye sebule. Nimemwandikia barua, nanyi mtanivumilia ninapoisoma.

Baba,

Umetuachia nyumba hii ya Igoma pamoja na karatasi moja. Uliichana kwenye kalenda ya parokia, ukaandika kwa mwandiko wako wa ubaoni: "Risiva moja. Spika tano. Ya katikati iwe bora kuliko zote." Ulifundisha Kiswahili hadi ukastaafu, ukasahihisha hata matangazo ya misiba ya watu. Kwa nini siku hiyo moja ulishindwa kuandika sentensi kamili?

Maana neno "risiva" limetumaliza. Wewe ulikusudia ile mashine inayopokea sauti ya televisheni na kuigawia kila spika sehemu yake. Baba mdogo, ambaye yupo hapa na ninamheshimu, risiva anayoijua ni ya ungo. Alivuka nayo kutoka Kamanga, kivukoni ameukumbatia ungo kama bibi harusi, akashuka akitangaza, "Wosia wa kaka nimeutimiza!" Sasa tuna chaneli za nchi ambazo lugha zake hakuna azijuaye hapa, na sauti ni ile ile ya zamani, inayotokea mgongoni mwa televisheni kama ya mtu aliyenuna.

Kaka Deusi naye, ukimwambia spika, anasikia sabufa. Alileta tatu. Nilimuuliza ya katikati iko wapi, akanijibu, "Adela, si hii kubwa tunaiweka katikati?" Na akaiweka, Baba! Jumapili ile vikombe vya Mama vilitembea kabatini. Taarifa ya habari ilisomwa kwa ngurumo. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Huyo anasoma au anakohoa?" Akainuka, akaenda jikoni kuchambua maharage. Tangu siku hiyo hajakaa tena sebuleni.

Najua hapa watacheka. Siku ile pia walicheka. Mimi nilibaki nikitazama viti viwili, chake na chako. Chako kilikuwa daima kulia kwake, upande wa sikio linalosikia. Miaka yote tulidhani unapenda tu kuongea wakati wa filamu. Tulikuwa tunaguna, "Baba, tuache tusikie." Kumbe ulikuwa unamrudia Mama kila neno, kwa Kihaya, polepole, na matusi ukiyalainisha.

Nilikwenda kwa fundi mmoja mjini na karatasi yako mkononi. Akaniambia spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu. Nyingine zinabeba muziki, mvua na magari. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake. Nikaisoma upya karatasi yako.

Ulijua unaondoka. Ulikuwa unatafuta wa kukukaimu. Na hukutuambia! Ungesema tu, Baba, "Mama yenu hasikii." Maneno matatu. Ukaona ni siri yake, si yako, ukatuachia sisi tupigane na ungo na sabufa.

Basi nakuahidi mbele ya hawa, na mwenyekiti ameridhia. Ungo unarudi Kamanga kwa kivuko cha kesho asubuhi, pamoja na shukrani zetu. Sabufa mbili Kaka Deusi anazirudisha dukani. Moja inabaki, pembeni, na wa kuipandisha sauti ni Mama peke yake. Risiva uliyoitaka na spika zako tutazichagua Mama akiwa amekaa pale pale dukani. Muuzaji asitusomee nguvu za spika kwenye boksi. Itakayokaa katikati ni ile ambayo Mama ataisikiliza, kisha aweze kuturudia ilichosema.

Lakini spika haijui Kihaya. Kwa hiyo kiti chako hakiondolewi, wala hakiachwi kitupu. Kila Jumapili mmoja wetu atakikalia, kwa zamu, kuanzia mkubwa, na atakayeguna kwamba tunaongea wakati wa filamu atatoka nje.

Pumzika, Baba. Tumepata wa kukukaimu.

Kaka Deusi, zamu ya kwanza ni yako, na Kihaya chako kimeshika kutu. Una siku sita.