Picha Haina Sauti

Al Nahda, Dubai
Februari 2016

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo nyumbani Wundanyi, na kwamba goti limepata nafuu na unapanda tena mpaka kanisani bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima kabisa, ila hamu ya kimanga cha Mama haijaniisha. Nimejaribu kukipika mwenyewe mara moja, na wenzangu wa chumbani wakaniuliza kama ninaumwa.

Barua hii nimempa Francis, mlinzi mwenzangu, aje nayo mkononi, kwa kuwa anakuja likizo. Sikutaka kuyapitisha haya kwenye simu ya Judy, maana dada yangu huyo akisikia jambo asubuhi, mchana soko zima linalo. Ujumbe wako amenifikishia. Umeonyeshwa picha yangu bega wazi, nimevaa shuka nyekundu na shanga, nimeruka juu katikati ya mji wa watu. Umesema wazee wa kanisa wamecheka, umesema hukunilea nije kuchezeshwa barabarani, na umeniamuru nirudi nyumbani kabla ya Pasaka. Baba, nimekusikia. Sirudi. Lakini kwa kuwa wewe ni baba yangu nitakueleza yote, ili ukikasirika ujue unachokasirikia.

Nianze na baridi ya huku, maana ndiyo iliyoleta mambo. Nilipofika mwezi wa Agosti, mtaa wa Al Rigga mchana ulikuwa mtupu. Watu walitoka kwenye gari na kukimbilia mlangoni kama wanaokimbia mvua, na sisi walinzi tuligombea zamu za ndani. Ilipoingia Desemba mji ukageuka. Meza zilitolewa nje, watoto waliokuwa hawaonekani wakajaa barabarani jioni, wanaume wakakaa na vikombe vya karatasi vya chai ya maziwa wakibishana kwa lugha nisizozijua. Na makoti! Ungecheka mpaka ukae chini. Hali ya hewa ambayo Mama angeendea shamba na leso moja begani, huku wanaivalia kofia za sufu na glavu. Nimemwona mtu mzima amejifunga skafu mpaka puani, na bado anakula aiskrimu.

Basi jengo la maduka tulilokuwa tukililinda likaandaa tamasha la msimu wa baridi, wakataka Waafrika wa kuchangamsha mlango wa mbele. Msimamizi wetu, Bwana Raed, akachagua warefu wanne: mimi, Francis wa Murang'a, Austine wa Siaya, na Matia, Mganda wa Masaka. Akatuambia kuanzia kesho sisi ni Wamaasai. Francis akamweleza kwa adabu kwamba kati yetu hakuna Mmaasai hata mmoja. Akajibu yalla, nani huku atajua. Nikakumbuka hadithi zako za babu zetu waliokimbilia milimani wakiwaogopa Wamaasai hao hao, nikacheka peke yangu. Kuvaa shuka si aibu, Baba. Mmaasai ana heshima zake. Aibu ni ya anayekuvika nguo ya mwenzako kisha akakwambia uruke.

Hilo hata hivyo silo lililotuuma. Lililotuuma ni Ijumaa. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na makanisa nayo hufanya ibada siku hiyo. Mkataba wetu unasema siku moja kwa wiki tupumzike. Bwana Raed alikuwa akituambia inshallah wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haikufika. Kila uliponiuliza kwenye simu kama ninasali, nilikujibu kwamba Mungu ni mwema. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga kanisani tangu nishuke kwenye ndege, na iliniuma kila nilipoisikia sauti yako.

Tulipoambiwa turuke na tuimbe, Bwana Raed hakujali tunaimba nini, mradi iwe kwa nguvu. Basi nikatunga. Mimi naanza, wenzangu wanaitikia: Bwana Raed ana koti, ana skafu, ana Ijumaa. Sisi tuna fimbo. Ijumaa yetu iko wapi? Tuliruka kwelikweli, Austine akitetemeka maana mtu wa ziwani hajazoea baridi, na Bwana Raed mwenyewe kasimama pembeni ndani ya koti lake, anapiga makofi.

Jioni ya kwanza waliocheka ni wahudumu wawili wa hoteli ya jirani, Wakenya. Baadaye akaja Teresiah, msichana wa Voi anayefanya kazi saluni, na wenzake. Wakaja Watanzania wa madukani, wakaja Waganda. Bibi mmoja mwenye Kiswahili cha Unguja, mwenyeji wa miaka mingi hapa, akawa anakuja na kiti chake cha kukunja, anacheka mpaka anafuta machozi kwa pembe ya mtandio. Watalii wakadhani ni furaha tu ya Kiafrika, wakapiga picha. Ndiyo hiyo uliyoonyeshwa.

Kisha mtu akamtafsiria Bwana Raed. Alituita stoo akasema khalas, imetosha, akiusikia wimbo ule tena tunarudishwa makwetu wote wanne. Niliogopa, sitakudanganya. Jioni ile tulitoka na shuka zetu, tukasimama mlangoni, hatukuruka wala hatukufungua mdomo. Watu wakangoja. Bwana Raed akatutolea macho. Mara Teresiah, akiwa huko barabarani na koti lake la kijani, akaanzisha mwenyewe: Bwana Raed ana koti! Umati wote ukaitikia, na yule bibi kitini pake, na hata Wafilipino wawili wasiojua neno la Kiswahili. Sisi tulinyamaza kama tulivyoamriwa. Wenye jengo wakatoka kuuliza watu wanaimba nini, na bibi akawaeleza kwa Kiarabu bila kuinuka.

Siku mbili baadaye ratiba ilibandikwa ukutani, kila mlinzi na Ijumaa yake. Mimi nikahamishiwa Jebel Ali kulinda ghala, mbali na watu, mimi na makontena na upepo. Ni adhabu, naijua, lakini naenda huko kifua mbele.

Sasa Baba, kaa chini. Picha haina sauti, ndiyo maana jambo lenyewe hujalijua. Maneno ni yangu, ila tuni ni yako. Ni wimbo wa mavuno uliotutungia nikiwa darasa la nne, tuliouimba tukipeleka ndizi na miwa madhabahuni. Pale ulipomtaja Bwana Mungu wetu, mimi nikamweka Bwana Raed na koti lake. Najua hata kwaya ya jirani uliikataza kuuimba bila wewe kuwapo. Nimeuchukua bila ruhusa, nikaurukia barabarani. Ukitaka kukasirika, kasirikia hilo, picha iache. Lakini msamaha sikuombi. Nilitafuta tuni ambayo watu wanne wasio na lugha moja ya mama wangeishika jioni moja tu, na kichwani mwangu ilikuwamo hiyo peke yake.

Ijumaa iliyopita tulipewa mapumziko wote wanne. Kanisani kiongozi wa kwaya akauliza kama wageni wana wimbo. Tukasimama na mashati yetu tuliyoyapiga pasi, tukauimba wimbo wako kwa maneno yako, ubeti kwa ubeti. Wengi walikuwa wanaijua tuni tayari kutoka kule barabarani. Wengine walianza kucheka, kisha wakayasikia maneno, wakasimama nao. Nililia, Baba, na sikujificha.

Kwa hiyo Pasaka hii hamtaniona. Wazee wakikuuliza habari za yule mtu wa kwenye picha, usitazame chini. Waambie ni mwanao.

Msalimie sana Mama, mwambie sweta alilonifumia amelivaa Austine msimu mzima, na anamwombea baraka. Judy naye mwambie sina kinyongo. Francis nadhani bado ameketi hapo mbele yako anangoja chai. Mwambie akuimbie. Anayajua maneno yote, yako na yangu.

Mwanao,
Zadock