Sukari Iliyoungua

Somo yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, mwaka wa pili huu umelala makaburini, lakini wewe ndiye uliyenifunda nilipokuwa mwali, na hukunifundisha kuanza maneno bila salamu. Naiandika barua hii hadharani ili waisome na wanawake waliokuwepo siku ya kukuosha. Nao wana lao la kunijibu.

Unakumbuka siku uliyonikalisha uani kwako, hapa Bagamoyo, mbele ya sufuria ya udi? Sukari na maji vilianza kutokota, nami nikainama kutazama rangi. Ukanipiga kikofi cha bega.

"Watazama nini? Rangi inadanganya. Nusa! Moshi wa kwanza ukija na uchungu, mwaga yote. Usiionee sukari huruma."

Ukatia vijiti vya udi, ukaepua, ukamiminia mawardi na miski, kisha ukanisogezea mwiko puani. Tangu siku ile nimekula kwa pua yangu. Maharusi wa hapa hadi Pangani walifukiziwa nguo kwa udi wangu, nawe ukijigamba mbele za watu, "Huyo mwali wangu mimi!" Nilijifanya naona haya, kumbe nafurahi.

Kisha pua ikaziba. Mwanzo nilidhani mafua ya vumbi. Yakakaa. Kila asubuhi kipanda uso, mashavu yananiuma kama meno mabovu, kohozi zito linashuka kooni. Nikajifukiza mvumbasi, nikatia mafuta ya habasoda, nikasomewa. Wewe ndiye uliyechoka kabla yangu.

"Mgeni siku ya tatu mpe jembe, mwali. Haya mafua yako yana miaka minne! Nenda hospitali."

Nikakujibu kwamba watanipasua uso. Ukacheka mpaka ukakohoa. Lililonitisha zaidi sikukwambia: nilikuwa sisikii tena harufu ya kitu chochote. Mpika udi asiye na pua, somo! Nikawa napika kwa mazoea na kwa kutazama rangi, lile lile ulilonikataza. Ulipokuwa kitandani ukiniuliza udi wa leo umekaaje, nilisema, "Mzuri, somo." Sijui kama uliniamini.

Ulipofariki sikumwachia mtu mwingine kazi ile. Nikapika mwenyewe udi wa kufukizia sanda yako, huku nalia, macho yamevimba hata hiyo rangi siioni vizuri. Chetezo kilipoletwa chumbani, mwanamke mmoja alikohoa, na wifi yako akaenda kufungua dirisha. Nikadhani ni joto. Nyumba ya msiba haina mkosoaji, nami nilikuwa mwali wa marehemu, nani angenifedhehesha?

Miezi mingi baadaye, mama mmoja wa bi harusi akanirudishia kopo langu la udi. Akalishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Mwanangu, labda huu ulisahaulika jikoni." Nikacheka naye, nikamwomba radhi. Alipotoka nikakaa chini sakafuni, kwa maana nililikumbuka lile dirisha.

Hapo ndipo nilipokwenda Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nilitaka kujua nilikuzika na nini. Akanionyesha picha ya kichwa changu: ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa, vyangu vimejaa uchafu, na milango yake imezibwa na vinyama vilivyoota puani. Dawa za kupuliza nilizitumia miezi, hazikuvimaliza. Akasema ataingiza kamera nyembamba yenye taa kwa matundu ya pua, aondoe vinyama na kuipanua ile milango. Uso hakatwi mtu. Ungekuwepo ungeniambia, "Si nilikwambia?"

Nikamuuliza kama nitanusa tena. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi," akasema. "Na moshi uuache. Moshi unaweza kuvirudisha hivyo vinyama." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa aache chumvi.

Nikapigwa nusu kaputi, nikaamka pua nzito na damu kooni. Wiki kadhaa nikawa nasafisha pua kwa maji ya chumvi, natoa magamba, sisikii kitu. Halafu adhuhuri moja nikasikia samaki wa jirani anaungua kwenye kikaango. Nilimpigia kelele ampindue, naye akaniuliza nimejuaje. Nikalia palepale ukutani.

Siku tatu sikuligusa kopo. Ni lile la udi wa sanda yako, uliobaki. Nililiweka kabatini na kanga yako ili nikipona nikukumbuke kwalo. Siku ya nne nikawasha kaa moja, nikaweka kijiti. Moshi wa kwanza ulikuja mchungu.

Sukari iliungua, somo. Iliungua kabisa. Hata mtoto angejua. Umekwenda kwa Mola wako na harufu ya kosa langu kwenye sanda, wewe uliyenitoa ndani nikinukia mtaa mzima. Wananiambia maiti hadhuriki na moshi, na dua ndizo zinazokufikia. Nakuombea. Lakini nilikuongopea ukiwa hai, ukazikwa na uongo huohuo, na mwenye kunipa radhi ndiye wewe usiyeweza kusema.

Sitapika tena. Nimechimba nyuma ya nyumba, nimeumwaga udi wote, kama ulivyonifundisha, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Kisha nikanawa kwa sabuni, kwa ndimu, tena kwa sabuni. Nimeinua mikono kukuombea dua, na bado naisikia harufu ile.

Lala salama, somo yangu.

Mwali wako