Fundi Aliyenipozea Kompyuta

Ihumwa, Dodoma
14 Oktoba

Kwako Dada Ruthu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila moyo hautulii. Shemeji na watoto hawajambo? Na mguu wako je, ile dawa imesaidia? Uliniuliza kwenye simu kwa nini Baba amerudi Bahi siku nne kabla ya siku tuliyopanga, nikakujibu kwamba amekumbuka mifugo yake. Jibu la kweli nimeshindwa kulitamka kwa mdomo, ndiyo maana naliandika.

Unaijua kazi yangu ya kuchora nyumba. Joto la miezi hii likipanda, kompyuta inachemka kama chungu na kuzimika katikati ya kazi. Nikaamua kuipoza kwa maji: pampu ndogo inayapitisha juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yanabeba joto hadi kwenye radieta, na feni zinalipuliza nje. Orodha ya vifaa ilikuwa tayari kutumwa Dar. Baba, aliyefunga mabomba ya maji maisha yake yote lakini hajawahi hata kushika kompyuta, akaomba nimsomee.

Dada, mzee wetu ni fundi jamani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na hewa inatokea wapi. Hilo la hewa sikuwa nimeliwaza kabisa. Tenki la maji nililolichora chini akalihamishia juu ya pampu, ili hewa ipande itoke. Mipira myembamba niliyoipendea rangi akaikataa, akisema itajikunja kwenye kona. Halafu tukafika kwenye radieta ya alumini, niliyoichagua kwa urembo wake tu, wakati kibamba kinachokaa juu ya prosesa ni cha shaba.

"Shaba na alumini usiziweke kwenye maji mamoja," akasema. "Moja itaila nyingine."

Tukachagua radieta ya shaba. Nilipomwambia nitajaza maji ya kisima chetu hakubishana nami. Alifunua birika akanionyesha ukoko mweupe wa chumvi, nami nikaenda kutafuta maji ya maabara yasiyo na chumvi.

Vifaa vilipofika alikaza kila kiungio kwa mkono wake, akakizungushia tishu, akaniambia niwashe pampu peke yake. Akavuta kigoda akaitazama kutwa nzima. Tishu hata moja haikulowa. Nilimwonea fahari ambayo sidhani kama nimewahi kumwambia.

Sasa sikia nilichofanya. Kesho yake alikuja Halfani, mteja wangu mkubwa, ambaye niliwahi kumdanganya kwamba baba yangu ni injinia wa maji. Alimkuta Baba amelala chali chini ya meza akikagua viungio, suruali imechanika gotini, akauliza huyu mzee ni nani. Nikamjibu kwamba ni fundi bomba, nimemwita kwa kazi ya leo.

Baba alisikia. Alitoka taratibu, akajifuta mikono, akamsalimu mgeni vizuri, kisha akanigeukia mimi.

"Nimemaliza, bosi," akasema. "Pakivuja, niite."

Asubuhi iliyofuata aliaga kwa upole, wala jambo lile hakuligusa. Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimebeba begi lake, nikamkatia tiketi bila kumwomba radhi. Naona aibu, Dada, na sina wa kumlaumu.

Kompyuta haijazimika hata mara moja tangu siku ile. Jana Halfani aliniomba namba ya simu ya yule fundi, anasema hajaona mtu anayefanya kazi kwa utulivu namna ile. Sijamjibu. Jumamosi nakuja Bahi kumwomba Baba msamaha, na kumwuliza kama ananiruhusu kumwambia Halfani kwamba yeye ni nani kwangu.

Wasalimie shemeji, watoto na majirani wote wanaoniulizia. Baba usimpe salamu zangu. Zake nitamletea mwenyewe.

Mimi mdogo wako,
Nathanaeli